Saa Iliyorukwa

Jumapili ya mwisho ya Machi
saa saba ya usiku haikuwa na dakika hata moja.
Lisboni walisema ruka,
na kila saa ya ukutani, kila simu chini ya mto,
ikaruka hadi saa nane bila kunung'unika.

Abílio Sendas hakuruka.

Ndiye mfungua mfereji wetu hapa Vale de Urzes,
miaka sabini na mmoja, goti moja bovu,
na ana imani ambayo sijaikuta kwa mtu mwingine:
kwamba saa ni kitu, kama ndoo ilivyo kitu.
Ukisema haipo, basi kuna aliyeificha,
na kuna aliyebaki na kiu.

Daftari la maji liko wazi, maana naliandika mimi:
saa saba hadi saa nane, mjane Deolinda.
Saa nane hadi tisa, Adérito.
Tangu Januari mvua haijagusa bati.
Abílio akaacha lango limwelekee Deolinda
saa nzima, kwa kuhesabu nyota juu ya kanisa,
na Adérito, mwenye tochi na kofia ya sufi,
akasimama kwenye tuta akitukana
huku vitunguu vya mwenzake vikinywa.

Tukamwita mkutanoni.
Nikasimama na katiba ya chama mkononi.
Nikasema: Sheria ikikosea, inatukosea sote,
na sote tuna mlango wa kuingia kuirekebisha.
Haki yako wewe peke yako, Abílio, ina mlango gani?
Kesho atakuja mwingine na nyota zake.

Akakuna goti.
"Oktoba mnairudisha," akasema,
"saa saba mara mbili, na mvua inamwagika.
Mtu akuazime mkate ukiwa na njaa
akulipe ukishavimbiwa,
Bi Katibu, utaandika kwamba amelipa?"

Watu wakacheka. Sikucheka.
Nikasema mkate si hoja.
Padri mstaafu akasema wakati ni wa Mungu,
kijana wa Deolinda akasema wakati ni wa setilaiti,
wakazozana hadi kahawa ikapoa,
na hakuna aliyezungumzia tena kabichi.

Kura: kumi na nne kwa tatu.
Faini yuro arobaini.
Katika wale kumi na nne alikuwemo Deolinda.
"Sikumtuma," alisema, akifunga kitambaa kidevuni,
"na sitaki kusemwa."
Abílio akamtazama kama mtu anayesoma kibao cha barabarani
chenye jina la mji aliozaliwa,
herufi moja imekosewa.

Kuna jambo sikulitaja mkutanoni.
Zamu zilisogea zote usiku ule, mmoja akimsukuma mwenzake,
na saa kumi na mbili lango hugeukia kinu cha ushirika,
hilo halisogei.
Aliyedondoka ukingoni, wa saa kumi na moja,
ni mimi.
Nilikuta mfereji wangu mkavu, konokono katikati.
Nikatoa hoja ya sheria,
na hoja ilikuwa nzuri, naiamini hadi leo,
ila ilikuwa na tope langu kwenye viatu.

Oktoba, usiku wa saa saba mbili,
mvua inapiga mabati kama mahindi yanayomwagwa.
Nikaona taa bondeni.
Nikatoka na mwavuli, nikamkuta
amelielekeza lango shambani kwangu,
ambako maji tayari yalikuwa yamefika kwenye kifundo cha mguu.

"Unanigharikisha!"

"Ni saa yako. Ya Machi."

"Sina haja nayo."

"Najua," akasema. "Wala sikusema una haja."

Akakaa juu ya jiwe, maji yakimtiririka shingoni.
Sikukubaliana naye. Sikubaliani naye sasa.
Lakini nilisimama pale na mwavuli, nusu juu yake,
tukibishana kuhusu faini, ambayo hadi leo hajailipa,
mpaka saa ilipoisha
na yeye, si mimi, akainuka kulifunga lango.